Mama Rudia na Seli Zilizokuwa Zikimwagwa

Ndugu, jamaa na marafiki, anayesoma historia hii kwa niaba ya familia ni mdogo wa marehemu, naye anaomba radhi mapema, kwani marehemu hakupenda maneno mengi, na kwa hesabu yoyote isiyo sahihi angemsimamisha hapa hapa mbele yenu.

Dada yetu alizaliwa Jumanne, tarehe 3 Mei 1949, mtoto wa kwanza kati ya watano wa karani wa stoo na mkewe, mshona nguo, na mama alipenda kutueleza kwamba binti huyo alianza kuhesabu vifungo vya wateja kabla hajajua kufunga vyake. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, kisha sekondari hadi 1967, ambako alitolewa darasani mara moja kwa kumwambia mwalimu wa hesabu kuwa amekosea, na mwalimu kweli alikuwa amekosea, halafu akapata cheti cha ufundi wa maabara mwezi Novemba 1969.

Aliajiriwa katika maabara ya hospitali tarehe 2 Februari 1970, akapima damu na makohozi kwa miaka ishirini na moja. Tarehe 22 Desemba 1973 alifunga ndoa na fundi umeme aliyeitwa kutengeneza taa ya hadubini, akairudia mara nne ingawa ilikuwa imepona tangu siku ya kwanza, na shemeji yetu yupo hapa, akatae kama anaweza. Mungu aliwajalia watoto watatu, mwaka 1975, 1978 na 1982, na wajukuu sita.

Mwaka 1991 alihamishiwa maabara ya utafiti wa saratani, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha lisilofunguka na friji lililofungwa kwa kamba, na huko wenzake wakampa jina la Mama Rudia, kwa kuwa kila aliyempelekea hesabu aliambiwa arudie. Kazi yao ilihusu protini moja waliyoiita Mlinzi, ambayo katika mwili wenye afya huikagua seli iliyoharibika, huisimamisha ili itengenezwe, na ikishindikana huiamuru ijiue yenyewe kwa utaratibu. Seli nyingi za saratani zimempoteza Mlinzi huyo, ndiyo maana hazifi, nao walikuwa wakimrudisha ndani ya seli, kisha wanatia dawa kidogo, waone kama sasa zitakubali kufa.

Jaribio hilo lilianza mwishoni mwa mwaka 1995, miezi minane ikapita bila jibu, seli zikipungua tu pasipo maiti kuonekana, na profesa aliyeongoza maabara akatangaza kwamba mradi ungefungwa mwisho wa Agosti 1996. Jumatatu, tarehe 12 ya mwezi huo, dada aligundua kosa lao wote, yeye akiwemo: kila asubuhi kabla ya kuhesabu walimwaga kwenye sinki maji ya zamani ya kulishia seli, kama walivyofundishwa, kumbe seli inayokufa hujibandua kwenye kitako cha kisahani inamokuzwa ikaelea, kwa hiyo walikuwa wakimwaga majibu yao. Profesa alimwambia aachane na maji machafu, naye akamjibu kwamba yamechafuliwa na maiti, avute kiti ahesabu mwenyewe. Kwenye visahani vyenye Mlinzi, seli sabini na moja katika kila mia zilikuwa zimekufa, na kwenye visivyo naye, kwa dawa ile ile, zilikufa sita tu. Profesa alihesabu, akaambiwa arudie, akarudia mara tatu, kisha akainuka na kumkumbatia mbele ya kila mtu. Mradi haukufungwa, na taarifa ilipochapishwa mwaka 1998, jina la dada yetu lilikuwa la kwanza.

Mwezi Machi 2009 alipatikana na uvimbe wa saratani kwenye titi. Sisi tulilia, yeye akauliza kwanza kama Mlinzi yupo, na vipimo vilipoonyesha yupo mzima, akatuambia tunyamaze, maana hilo si hakikisho la kupona, ila dawa zimepata mwenyeji wa kuzipokea. Baada ya dawa awamu sita na upasuaji, mwezi Novemba hawakukuta seli hai hata moja ya saratani katika nyama iliyotolewa. Aliishi miaka kumi na nne na ushee baada ya hapo, moyo ukaanza kuchoka mwaka 2022, akatutoka Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa kwenye kiti chake nyumbani. Saratani haikumuua dada yetu, na tunalisema hilo kwa sauti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtibu, majirani waliotuletea viti na maji tangu Jumanne, na wenzake wa maabara, ambao wamefika wamechelewa kwa sababu leo ilikuwa siku ya kuhesabu, nao hawakumwaga chochote mpaka walipomaliza. Hatuwalaumu, kwani kama wangeziacha seli zile kwa ajili ya msiba wake, angewafukuza hapa.

Pumzika kwa amani, dada, ushindi ni wako.