Reuben Maltby na Tuta la Ziwa la Harnby

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, marehemu alitoka nje akatazama ng'ambo ya maji mpaka aone moshi wa injini ya shemeji yake Clem. Hapo alisema, "Mvivu ameamka," akaingia kula.

Reuben Maltby alizaliwa tarehe 3 Februari 1894, Saltersby, Lincolnshire, mtoto wa tatu wa mchunga farasi. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na miwili. Kusoma alijua, kuandika hakupenda.

Mwaka 1906 alianza kuwachotea maji na kuwapikia watu wa injini za mvuke za kulimia, na mwaka 1912 akakabidhiwa injini ya upande wa kulia, kwani hufanya kazi mbili mbili. Ya kushoto ilikuwa ya Clem Wragg. Matrekta yalipochukua kilimo, wawili hao walihamia kusafisha maziwa yaliyojaa tope: injini moja ukingo huu, nyingine ukingo ule, zikivuta kwa zamu, kwa kamba ya chuma, ndoo kubwa inayokwangua chini.

Tarehe 6 Juni 1914 alimwoa Hetty, dada yake Clem. Mikono aliisugua ikatakata, shingo akaisahau. Clem akamwambia dada yake mbele ya mchungaji, "Umeolewa na bomba la moshi."

Kifua kilimwanza majira ya baridi yaliyopita. Januari daktari alimkataza kutoka kitandani, na injini yake akapewa kijana Percy Odling.

Jumanne, tarehe 12 Machi 1957, katika ziwa la Harnby, ndoo ilinasa kwenye kisiki chini ya tope wakati Clem anavuta. Ukingo ulikuwa umelowa mvua. Badala ya ndoo kuja, injini ndiyo iliyokwenda, ikaegemea majini, na mguu wa Clem ukabanwa. Kila dakika ilizidi kuzama kidogo. Maji yalimfika kiunoni.

Kitu pekee cha kuizuia kilikuwa injini ya pili, iivute kwa nyuma kutoka nchi kavu, na njia pekee ya kuivusha ilikuwa juu ya tuta la ziwa, ukuta wa udongo unaozuia maji. Bwana Thirkell, msimamizi wa shamba, alikataa.

"Tuta halibebi. Chini kuna nyumba za watu."

Percy akaondoa mkono kwenye usukani. Hapo ndipo marehemu alipofika kwa miguu, koti juu ya nguo za kulalia.

"Basi watoe watu," alimwambia Bwana Thirkell. "Mimi nakwenda polepole."

Nyumba zikatolewa watu, marehemu akapanda injini yake akaiingiza tutani. Clem akapaza sauti kutoka majini, "Shemeji, rudi ulale. Utaniua kwa wasiwasi kabla ya maji."

"Nyamaza wewe, unamaliza pumzi."

Tuta lilipasuka nyuma ya magurudumu, maji yakaanza kuchuruzika kwenye ufa. Hakusimama, wala hakuongeza mwendo. Alipofika ng'ambo, Percy alimfungia kamba kwenye injini ya Clem, ikakaza, na injini ya Clem ikaacha kuzama. Maji yalikuwa kifuani. Wanaume walichimba kwa mikono na sepeto mpaka Clem akalazwa kwenye majani, mguu umevunjika, yeye mzima. Muda wote huo marehemu alishika wenzo wa kufungulia mvuke. Percy alipopanda kumpokea, alimkuta amekwisha kukata roho, mkono bado uko palepale.

Ameacha mjane, Hetty, watoto wawili, Arnold na Winifred, wajukuu wanne, na shemeji yake Clem, aliyebebwa kwa kiti kuja hapa leo. Mungu amlaze pema Reuben wetu, apumue bila kukohoa.

Bibi Hetty ameomba haya ndiyo yasomwe mwisho. Jumanne ile, firimbi ya injini ya Clem ilipolia bila kukoma, marehemu aliketi kitandani akavaa buti zake.

"Reuben, daktari alisemaje?"

"Alisema nisitoke kitandani. Hakusema Clem azame."

"Basi vaa koti."

Alivaa, akatoka kwa mlango wa jikoni, akaurudisha taratibu ili baridi isiingie. Bibi alisikia buti zikishuka njia ya ziwani, zinasimama, zinaendelea, mpaka hazikusikika tena.