Lebo Zinazotoka Ghala la Chini

Mgeni rasmi, Mkurugenzi Mkuu wa kampuni yetu. Meneja wa ghala. Wakuu wa idara mliokaa kwenye viti vyenye vitambaa. Wafanyakazi wenzetu mliosimama kwa sababu viti havikutosha. Na wewe mama yetu uliyekaa safu ya mbele na mfuko wako mapajani.

Mgeni rasmi, sisi wafanyakazi wa Meza ya Lebo tunakusalimu kwa heshima na tunakukaribisha. Tumefagia, tumepiga deki, na maboksi yaliyokuwa yameziba mlango wa dharura tumeyahamisha, ingawa wewe unajua na sisi tunajua kwamba kesho yatarudi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuna ugonjwa wetu, na tumekusubiri kwa hamu.

Tuna taarifa ndogo kabla ya kuendelea. Risala hii ilipelekwa ofisini isomwe kwanza, kama ilivyo kawaida, ikarudi imekatwa zaidi ya nusu. Tunashukuru kwa masahihisho. Ninayoisoma hapa ni ile ambayo haijakatwa. Meneja wetu tunayemheshimu tunamwomba asinyanyuke. Maji ya kunywa yapo mezani, na risala yenyewe si ndefu.

HISTORIA YA MEZA YETU

Mgeni rasmi, kazi yetu ni kuhakikisha kila mzigo unaotoka ghalani unajua unakotoka, unakokwenda na uzito wake. Tulianza na mashine moja ndogo ya kuchapa lebo, hii ya kijivu unayoiona pembeni, ambayo leo inastaafishwa. Haina wino. Inachapa kwa joto: ndani mna kichwa kinachopata moto, na karatasi yenyewe ndiyo inayogeuka nyeusi pale kinapoigusa. Ndiyo maana karatasi hizi haziwekwi juani wala chini ya bati, zitaharibika kabla hazijatumika. Roli zetu za karatasi zilitunzwa Ghala la Chini, kwenye ubaridi na giza, na roli ikiisha mmoja wetu alishuka ngazi kuleta nyingine.

Aliyetufundisha mashine hii ni mwenzetu tuliyemwita Kucha. Jina hilo alilipata kwa kazi. Akishika roli mpya hakuhangaika na maandishi ya kwenye boksi. Alikwaruza pembe ya karatasi kwa ukucha wa kidole gumba. Upande unaoacha mstari mweusi ndio wa kuchapia, nao lazima uelekee kwenye kichwa. Ukiugeuza, mashine itakutolea lebo nyeupe pe mpaka jioni na wewe utabaki unalaumu umeme. Kisha unafunga kifuniko mpaka kilie, unabonyeza kitufe bila kukiachia mpaka itoe lebo tupu kadhaa. Hapo inajipima, ijue lebo moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Taa ya kijani ikitulia, kazi ianze. Ikiwaka nyekundu, karatasi imeisha au kifuniko hakijakaa sawa. Maandishi yakififia, kichwa kimeshika gundi na vumbi. Kipanguse kwa kitambaa na spiriti, usikikwangue kwa kisu kama alivyofanya mwenzetu mmoja ambaye yumo humu ndani na anajijua.

Kucha ndiye aliyetuwekea taratibu mbili za meza. Ya kwanza, mfanyakazi mpya hajifunzi kwa mzigo wa mteja. Anapanda yeye mwenyewe kwenye mizani, na lebo yake ya kwanza ni ya kwake: jina lake, kilo zake, na mahali pa mpokeaji anamwandika mama yake au yeyote anayemngojea nyumbani. Kucha alikuwa akisema ni ili mtu akipotea mjini watu wajue pa kumrudisha. Tulicheka sana. Sote tunazo lebo hizo, tumezibandika ndani ya makabati yetu. Ya kwake ilisema kilo hamsini na nane, mpokeaji mama yake mzazi, nyumba ya nyuma ya kinyozi.

Utaratibu wa pili ni kwamba lebo haitupwi. Ikishatoka lazima ibandikwe kwenye mzigo, na mzigo uondoke. Kuna lebo iliwahi kutupwa chini, ikanasa kwenye kitako cha mzigo mwingine, na godoro la watu likasafiri kwenda kwa mzee mmoja aliyekuwa ameagiza miwani. Tangu hapo hatukufanya mchezo na jambo hilo.

MAFANIKIO

Mizigo ya wateja haipotei tena. Malalamiko yamepungua mpaka yule dada wa mapokezi amepata muda wa kusuka mikeka. Tunajivunia hilo, na hatutasema zaidi kwa sababu mcheza kwao hutuzwa, na sisi tuzo letu tumeliweka kwenye maombi.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni viti. Ya pili ni feni, ambayo huzunguka ikijisikia. Ya tatu ni hii ifuatayo, na tunaomba utulivu.

Mgeni rasmi, wakaguzi kutoka ofisini kwako walipotangazwa kwamba wanakuja, Ghala la Chini lilikuwa linavuja maji na kunuka. Likaonekana ni aibu. Amri ikatoka kwamba mlango wa ngazi uzibwe kwa matofali na ukuta upakwe rangi kabla hawajaingia. Mchana wa siku ya kuziba, roli yetu iliisha. Kucha akasema anashuka kuchukua nyingine. Hatukumwona akipanda. Mizigo ilikuwa imetufika shingoni, tukadhani ameunganisha na chakula. Ilipofika jioni ukuta ulikuwa umekwisha, una rangi ya maziwa, na mbele yake limewekwa ua ndani ya chungu.

Kesho yake hakuja. Ofisi ikasema ameacha kazi, amemfuata mwanamume. Sisi mwanamume huyo hatukuwahi kumsikia, lakini nani ana ubavu wa kubishana na ofisi? Tena asubuhi hiyo tulikuta roli mpya imeshawekwa kwenye mashine, imeelekea upande unaotakiwa, na hakuna kati yetu aliyeiweka. Tukajiambia basi alipanda, akaweka roli, akaenda zake. Tukatulia.

Baada ya chakula cha mchana, jua likiwa kali kabisa, mashine ikatoa lebo peke yake. Hakuna aliyekuwa ameketi kwenye kompyuta. Ilikuwa lebo ya Kucha: jina lake la kitambulisho, kilo hamsini na nane, mpokeaji mama yake. Tulicheka, mgeni rasmi. Tulisema anatutania kutoka huko aliko na huyo bwana wake. Na kwa kuwa lebo haitupwi, tukaibandika kwenye boksi tupu, likaondoka na gari la jioni.

Siku iliyofuata ikatoka nyingine. Tukaibandika, tukaituma. Na nyingine tena. Kilo zilikuwa zinashuka na sisi hatukuona, kwa sababu jicho la mfungaji mizigo linakwenda kwenye anwani. Kilo ni kazi ya mizani. Aliyeona ni mama yake. Alikuja hapa asubuhi moja na maboksi yetu yote juu ya mkokoteni, ameyapanga kwa kilo, kubwa chini na ndogo juu. Hakutukana mtu. Alisema: "Wanangu, mnaniletea maboksi matupu yenye kilo za mtoto wangu. Mtoto mwenyewe yuko wapi?"

Tuliyashusha maboksi yale kutoka kwenye mkokoteni, tukayapanga mezani.

Hapo ndipo tulipoanza kuzitazama lebo zile vizuri. Kila moja ina mstari mdogo mweusi kwenye pembe, wa kukwaruzwa kwa ukucha. Roli hukwaruzwa mara moja tu, pale mwanzo; hizi zilikwaruzwa moja moja. Na mahali pa mtumaji, ambapo lebo zetu zote huandika Meza ya Lebo, zake ziliandika Ghala la Chini.

Tuliwaita vijana wa kompyuta. Wakabadilisha waya. Wakafuta kumbukumbu yote ya mashine. Mwisho wakauchomoa waya wa kompyuta kabisa, ukabaki wa umeme peke yake, na lebo ikatoka. Mmoja wao alikusanya vifaa vyake na hajarudi kuchukua bisibisi yake mpaka leo. Umeme ulipokatika kwa siku kadhaa tulipata ahueni, tunasema kweli, tulipata ahueni na tukaona haya kwa kuipata. Uliporudi, mashine ilitoa lebo za siku zote ambazo umeme haukuwapo, zikifuatana, kilo zikishuka kwa mpangilio, hakuna iliyorukwa.

Mgeni rasmi, mwashi wa ghala yupo pamoja nasi. Ni mtu wa maneno machache na watoto wengi. Yeye alitueleza bila kuulizwa kwamba alipokuwa anapanga matofali ya juu alisikia kitu kikikwaruza upande wa pili. Aliuliza. Akajibiwa ni panya, ziba. Akaziba. Tangu siku hiyo mikono yake haishiki chakula vizuri, mke wake ndiye anayemlisha. Hatumtuhumu mtu. Hatujasema nani alimjibu habari ya panya. Aliyejibu yupo hapa na amesikia.

Tuliandika ofisini kuomba ukuta ufunguliwe, tukaambiwa rangi bado ni mpya. Tukaomba tena, tukaambiwa mgeni rasmi anakuja, tusimharibie shughuli. Mama alikuja kuomba mwenyewe, akapewa soda.

Kilo zilishuka mpaka tisa. Hapo zikasimama. Mama alituuliza kwa nini sasa hazishuki. Mwili ukishakwisha, kuna kinachobaki ambacho hakipungui. Mama naye alielewa kabla hatujasema, akaomba akae chini kidogo, na tukakaa naye sakafuni.

Ofisi imeona dawa ni mashine mpya. Tunashukuru, ni nzuri, ina kioo cha kugusa. Jana tuliitoa kwenye boksi lake, tukaweka roli, tukaiacha ijipime. Haijawahi kuunganishwa na kompyuta yoyote. Lebo ya kwanza iliyochapa ni ya Kucha, kilo tisa, mtumaji Ghala la Chini, na mstari wa ukucha kwenye pembe.

MAOMBI

Viti na feni vinaweza kungoja. Tumekaa navyo miaka, tutakaa tena.

Tunaomba roli za karatasi zisirudishwe chini kamwe, zitunzwe kwenye rafu huku juu, mahali ambapo anayekwenda kuzichukua anaonekana na kila mtu akienda na akirudi.

Tunaomba, mgeni rasmi, utakapobonyeza kitufe kuizindua mashine hii, usishtuke. Lebo itakayotoka si hitilafu, wala hakuna aliyekutega. Usiikunje ukaiweka mfukoni. Tunakuomba uisome kwa sauti, jina lote na kilo zote, kwa sababu mpaka sasa hakuna mkubwa hata mmoja aliyelitaja jina hilo mbele ya mama yake isipokuwa kusema ameacha kazi. Kisha umpe mama mkononi.

Na ombi kubwa ni hili. Utepe umefungwa mbele ya ukuta wenye rangi ya maziwa. Unaposimama hapo, umesimama mahali palipokuwa na ngazi. Nyundo ya mwashi ipo chini ya meza yako, tumeifunika kwa kitambaa ili isiharibu picha. Mwashi amesema atauvunja mwenyewe, hataki asaidiwe, ila anahitaji neno lako, kwa kuwa neno lililouziba lilitolewa kwa ajili ya wageni kutoka ofisini kwako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kifo kimeshaanza kutuumbua sote, sisi tuliobandika lebo tukicheka tukiwa wa kwanza.

Boksi tumelitengeneza. Ni la mbao nzito, limepigwa randa ndani na nje, na wenzetu wa karakana wamekataa malipo. Mama amelitazama, akalipapasa, akasema ni zuri. Akasema pia kwamba hatapokea tena boksi tupu, na kwamba hataondoka kwenye kiti kile mpaka tumkabidhi lenye mtu. Mfukoni mwake ana nguo ya kumvika.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunakuombea kwa Mungu akupe umri, akulindie watoto wako kila wanapotoka mlangoni, na leo akupe moyo wa kusema neno moja tu mbele ya watu hawa. Tukimaliza kusoma tutanyamaza. Tunaomba na wewe unyamaze nasi kidogo kabla hujashika mkasi, usogee karibu na ukuta, usikilize.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wafanyakazi wa Meza ya Lebo, tuliopo hapa mbele yako, pamoja na mwenzetu mmoja ambaye bado yuko zamu.