Linux Mbili na Mtu Mmoja

Ukitaka kusikia mambo makubwa ya Garsen, usihangaike na maofisi. Njoo ukae kwenye benchi la Dukicha, muuza kahawa, karibu na stendi ya mabasi ya Lamu. Asubuhi hiyo Zadock alikuwapo, kikombe chake hakipungui. Yeye ndiye mtunzaji wa seva ya ushirika wa maembe, ile kompyuta inayohifadhi uzani wa maembe ya kila mkulima. Saa nne kamati ya ushirika ingetaka neno lake: wabaki na Linux ya bure, mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo, au wachukue ya kulipia kila mwaka? Akikosea, lawama zote zake.

— Chukueni ya kulipia, alisema Gona, aitwaye Waziri kwa kuwa kila jambo analitolea tamko. Mtu akishakula pesa yako, ukimpigia anashika simu.

— Wacha hizo, Waziri! alidakia Kaviha, fundi wa simu, maarufu kama Setilaiti. Hizo mbili zimekatwa kwenye gora moja la kitambaa. Si ndiyo, Zadock?

— Karibu hivyo. Ya kulipia ina watu wa kukusaidia wakati wowote. Ya bure unasoma mwenyewe, ama unauliza wenzako mtandaoni.

— Na wanajibu? akauliza Waziri.

— Wanajibu! Mmoja wa Brazili alinielekeza kutwa nzima. Hanijui, simjui.

Zadock, kila akimkumbuka mtu huyo, hujiona ana ndugu duniani.

— Bure namna hiyo? Waziri akashangaa. Hao si watu, ni malaika.

— Bro, hata mitambo ya kupima mvua inatumia Linux, akasema Setilaiti. Kwa hivyo mvua ya Tana inapangwa nayo.

— Kumbe! akasema Waziri. Ndiyo maana mafuriko yaliyopita hayakuiweza seva yetu. Ilijua yanakuja!

— Msifuni Zadock, alisema Dukicha akimimina kahawa. Maji yalipoingia ofisini, nani aliibeba kichwani akaivusha kwa mtumbwi mpaka kanisani? Akaiwasha kwa sola, wala haikukohoa.

Sifa zilimwingia Zadock tamu kuliko haluwa. Akavimba kidogo, na kusema kweli alistahili.

Mama Elsie, mkulima wa maembe kutoka Ozi, alikuwa ndiyo kwanza ashuke kwenye boda. Alizisikia sifa hizo, akaweka kikapu chini.

— Mwanangu, siku ukilazwa hospitali, nani mwingine anajua kuiendesha?

Zadock alitafuta jina kichwani, asilipate hata moja. Miaka yote alijivunia kuwa peke yake. Leo jambo hilohilo lilimtia hofu.

— Hakuna, mama.

— Basi hesabu ya maembe yangu nimeiweka kwako wewe, si kwenye mashine.

Zadock akainuka, akamshika Setilaiti mkono.

— Twende ofisini.

— Mimi? Mimi ni wa simu, bro!

— Utajifunza. Kamati ichague yoyote inayotaka, lakini leo tunakuwa wawili.