Gambuti za Mzee wa Kilwa

Ndani ya basi la mwendokasi kutoka Gerezani, mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alikuwa amepakata gambuti mpya. Dada aliyekaa naye akauliza, "Shikamoo. Za shambani hizo?"

"Marahaba. Za kwenye mashua. Kariakoo nzima nimetafuta zisizopitisha maji. Nina sukari, daktari hataki kidonda changu cha mguuni kilowe."

"Si upumzike tu nchi kavu, baba?"

Nikajifanya nasoma tangazo la dirishani.

"Nimepumzika mpaka nimechoka, mwanangu. Nataka nishike usukani mara moja tu, niione Kilwa ikitokea mbele."

"Na maji yakiingilia juu?"

Jangwani mafuriko yalikuwa yamefunika barabara, basi likasimama. Mzee akavaa gambuti, akashuka, akasimama majini, akainama kama anayesikiliza miguu yake.