Bibi Orlena Gilpin na Maneno ya Mahindi

Marehemu Bibi Orlena Ruth Gilpin alizaliwa Jumapili, tarehe 9 Machi 1941, nyumbani kwa babu yake kaskazini ya Macy, katika ardhi yetu Waomaha hapa Nebraska, Marekani, wiki ambayo barafu ya Mto Missouri ilikuwa inapasuka. Alikuwa mtoto wa tatu wa Clifford na Nettie Porter, wa ukoo wa Kichwa cha Paa. Kwa miiko ya ukoo huo hakugusa ngozi ya paa maisha yake yote; hata mkoba wa ngozi hiyo aliozawadiwa na wageni aliupokea kwa taulo, akashukuru, akampa jirani. Shangazi zake walimwita Miwason, yaani Mwezi Mweupe. Mwenyewe alisema walikosea, maana alizaliwa saa sita mchana na alikuwa mwekundu kama nyanya.

Mwaka 1948 alipelekwa shule ya bweni, mbali na nyumbani, ambako kuongea lugha yetu, Kiomaha, kulikatazwa. Yeye na rafiki yake wakaomba zamu ya kufua, kazi iliyokimbiwa na wenzao wote, kwa sababu mle ndani mashine zilinguruma hata msimamizi asisikie kitu. Waliongea humo miaka saba. "Wenzetu walitoka na vyeti," alikuwa akitwambia, "sisi tulitoka na mikono iliyochubuka na mdomo mzima." Alimaliza darasa la nane mwaka 1955.

Tarehe 16 Juni 1962 aliolewa na Wendell Gilpin huko Walthill. Walijaliwa watoto wawili, Myron na Corrine. Kuanzia mwaka 1969 alikuwa mpishi wa shule hapa Macy kwa miaka thelathini na moja, na wengi mliokaa hapa mmekula kwa mkono wake. Mtoto aliyetaka mkate wa kukaanga wa pili aliuomba kwa Kiomaha. Asiyejua alifundishwa hapohapo, na foleni nzima ikasubiri. Mzee Wendell alifariki mwaka 1999, na Marehemu hakuolewa tena.

Kazi iliyomchukua moyo ilianza mwaka 1991, wiki moja baada ya kumzika mama yake. Alikuwa jikoni, akatafuta neno fulani la mama yake, likamkwepa, akageuka kumwuliza mtu, na hapakuwa na wa kumwuliza. Siku hiyo alikata boksi la nafaka vipande akaanza kuandika maneno, kila neno na kadi yake. Aliandika ya mto, ya ndugu, ya magonjwa, ya ndege. Tatizo ni kwamba alitumia herufi za Kiingereza alizofundishwa shuleni, na herufi hizo zinameza nusu ya sauti zetu. Mtu asiyeijua lugha akizisoma kadi zile, hatamki neno linaloeleweka.

Aliyejua kuziandika sauti zote alikuwa Leland Roy, Mponca wa Niobrara, kabila ndugu na letu. Lugha ya Waponca na yetu ni moja, lakini kwao Niobrara walikuwa wamekwisha wote walioizungumza tangu utotoni. Leland akasomea namna ya kuiandika, akaja Macy kuitafuta midomoni mwa watu. Akampata Corrine, akamwoa mwaka 1997, na hapo ndipo alipojifungia mlango mwenyewe. Kwa desturi ya Marehemu, mkwe na mama mkwe hawasemezani wala hawatazamani usoni. Lugha aliyoifuata ilikuwa jikoni kwa mama mkwe wake.

Basi walifanya kazi hivi. Marehemu alikaa jikoni, Leland akakaa kibarazani na kinasa sauti, katikati likaning'inia pazia, na Corrine akakaa mlangoni.

"Mwambie mwenye kalamu huko nje hilo ni tawi, si shina."

"Mama, amekusikia."

"Mimi sijasema naye. Mwambie."

"Leland, kasema ni tawi."

"Nimesikia."

"Najua umesikia!" Corrine akawaka. "Na mimi hapa ni redio ya nani?"

Siku Corrine alipokwenda Sioux City kung'oa jino, sote tulidhani kazi italala. Aliporudi jioni, shavu limevimba, aliwakuta wanaongea na mbwa. "Gus, mwulize mwenye nyumba, maji yakizunguka mahali pamoja yanaitwaje?" Na kutoka jikoni: "Gus, mwambie huyo atoe pamba masikioni, nimeshataja mara mbili." Siku hiyo Gus alipitisha maneno arobaini na matatu ya mto, yote yamo kitabuni, na Marehemu akampa mfupa akisema amefanya kazi bila kulalamika, tofauti na watu wengine.

Kwa mwendo huo waliandika maneno zaidi ya elfu sita. Yalibaki ya mahindi: aina zake, namna ya kuyachoma, kuyasuka, kuyapukuchua, kuyafukia ardhini wakati wa baridi. Hayo yalikuwa ya mama yake Nettie hasa, na Marehemu aliyaweka mwisho kama mtoto anavyoisogeza nyama pembeni ya sahani.

Tarehe 13 Februari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Kufikia Aprili sauti yake ilikuwa imekuwa pumzi tu. Kinasa sauti hakikushika kitu zaidi ya mkwaruzo. Corrine alisikia kiasi, lakini alipoyapeleka maneno kibarazani yalifika yamevunjika, na Leland akasema kwa upole kwamba yapo mengine hawezi kuyaandika asipouona mdomo wenyewe.

Desturi ina mlango wake. Mkwe akileta farasi, mama mkwe anaweza kukubali wasemezane. Tarehe 20 Mei Leland alimleta farasi jike mwekundu kutoka kwa binamu yake Niobrara, akamfunga kwenye uzio. Marehemu alimtazama farasi dirishani kwa muda mrefu.

"Mwambie farasi ni mzuri. Mwambie amrudishe."

Corrine alilia. "Mama, maneno yatapotea! Unayaona yanavyopotea!"

"Nayaona. Miaka ishirini na sita huyu mtu hajaniinulia macho, hata siku tuliyomzika baba yako. Ndiyo heshima niliyofundishwa na mama yangu. Leo niiuze kwa farasi ndipo niandikishe maneno ya mama huyohuyo?"

Leland alimrudisha farasi Niobrara. Kazi ikaendelea nusunusu, na majira ya joto yakaisha.

Jumatano tarehe 30 Agosti familia ilikuwa uani ikichoma mahindi mabichi, Marehemu amekaa kwenye kiti chake na blanketi. Mjukuu wake mmoja aliokota hindi lililokuwa na mapengo kama mdomo wa mzee, akamwuliza, "Bibi, hili linaitwaje?" Marehemu alisema. Hakuna aliyesikia. Alisema tena, na tena, na sote tuliinama pale tumemzunguka, na hatukusikia. Akapiga mkono wa kiti. Corrine akaweka sikio mdomoni kwake, akatwambia alichosema: "Nimekosea. Mleteni farasi."

Leland aliondoka saa hiyohiyo. Lakini alfajiri ya tarehe 31 Marehemu alibanwa na pumzi, akakimbizwa hospitali, na ili aishi walimtoboa tundu shingoni apumulie. Tangu hapo hewa haikupita tena kinywani mwake. Mkono wake wa kulia ulivimba kwa dripu, hakuweza kushika kalamu. Aliomba kwa ishara arudishwe nyumbani, akarudi Jumanne tarehe 5 Septemba. Farasi alikuwa ameshafungwa chini ya dirisha lake.

Corrine aliliondoa pazia. Leland aliingia kofia mkononi, akakaa, macho sakafuni.

"Mama," alisema, "nimemleta tena."

Marehemu alimshika kidevu akamwinua uso. Wakatazamana kwa mara ya kwanza. Leland ana miaka hamsini na sita, na alilia kama mtoto mdogo. Kisha Corrine akawa anainua mahindi moja moja, na Marehemu akayataja, bila sauti, kwa midomo na ulimi tu.

"Mama, rudia. Mama, ulimi umegusa wapi? Mama, niangalie, ni hivi?"

Neno hilo "Mama" ambalo hakuwahi kulitamka mbele yake, alilitamka siku mbili mfululizo. Maneno kumi na moja aliyatambua, akayaandika kwa uhakika. Mengine hakuweza. Akachora mdomo wa mama mkwe wake jinsi ulivyokuwa, na pembeni hindi lenyewe. Michoro ni thelathini na minane.

Marehemu alifariki Alhamisi tarehe 7 Septemba 2023, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na miwili. Leland alikuwa akichonga penseli.

Ameacha mwanawe Myron wa Lincoln. Binti yake Corrine na mkwe wake Leland Roy wa hapa Macy. Wajukuu watano na kitukuu mmoja. Wamemtangulia wazazi wake, mume wake na ndugu zake wote.

Baada ya mazishi kuna chakula ukumbini. Meza ya karibu na mlango haitakuwa na chakula. Itakuwa na ile michoro thelathini na minane. Familia inawaomba mama zetu wa Macy, na ndugu Waponca mliotoka Niobrara na Oklahoma, mkae pale, muuweke mdomo kama ulivyochorwa, na mtie sauti. Likija neno, mwiteni Leland. Lisipokuja, mwachieni aliyekaa nyuma yenu naye ajaribu.

Wakonda, Muumba wetu, ampokee Miwason, na ampe pumziko jema.