Mama wa Ukurasa wa Tisa

Muuguzi aliyetoka zamu alitaka kusinzia basini, lakini kaka na dada wa kiti cha mbele hawakumpa nafasi. Kaka alikuwa anajichapishia kitabu cha hadithi fupi, akamwomba dada yake amwambie ukweli. Aliyataka mwenyewe.

"Hii ya mama, ya ukurasa wa tisa, ifute, kaka. Mama gani huyu anacheza na redio jikoni, mwiko mkononi? Mama yetu hakucheka hivi hata siku moja."

"Alicheka sana, mdogo wangu. Ulikuwa hujazaliwa, na baba alikuwa hai."

Dada akazisoma upya kurasa za hadithi hiyo, vituo viwili vizima. Basi liliposimama, akainuka na zile kurasa kifuani.

"Nirudishie! Kesho zinakwenda kwa mchapaji!"

"Niachie kwanza," alisema dada mlangoni. "Huyu mama ndiyo kwanza nakutana naye."