Bi. Mwanatumu Kamaludin, Sauti ya Dirisha la Mokowe (1961–2025)

Wasifu huu umeandikwa na Sumeiya, binti wa kaka wa marehemu, na unasomwa leo Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, katika hitima inayofanyika nyumbani kwa marehemu, Mokowe. Marehemu mwenyewe alisomewa sehemu kubwa akiwa kitandani, akaondoa sifa tatu alizosema si za kweli. Hakuondoa jingine.

Bi. Mwanatumu alizaliwa kisiwani Ndau tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watatu wa Bwana Kamaludin Shee na Bi. Hindu Abdalla. Kaka yake, Husseini, alimtangulia kwa miaka miwili. Mama yao alifariki Mwanatumu akiwa na miaka tisa. Tangu hapo yeye ndiye aliyempikia Husseini, akamfulia, na akamkingia kwa baba yao kila alipokosea. Siku hizo hakuna aliyelalamika kwamba ana ulimi mkali.

Alisoma chuoni hapo kijijini, akahitimu Kurani akiwa na miaka kumi na mmoja, na akamaliza darasa la saba mwaka 1976. Alitaka kuendelea. Baba yake alisema msichana amekwisha kusoma, na shangazi zake wakaunga mkono. Kiingereza alijifunza mwenyewe baadaye, katika hoteli moja ya Ras Kitau alikofanya kazi ya kufua mashuka kuanzia 1983. Alikuwa akisoma vitabu vya safari vilivyoachwa vyumbani na wageni. Humo alikuta habari za kwao zilizoandikwa na watu waliokaa siku mbili, na akakasirika mno. Kimoja kiliwaambia wageni waje mwezi wa Mei, mvua za masika zikiwa zimeshika. Kingine kilisema maji ya visima hayana madhara.

Mwaka 1997 aliajiriwa kuuza tiketi za basi kwenye jeti ya Mokowe, mahali ambapo barabara inaishia na safari ya boti inaanza. Wiki ya kwanza aliandika karatasi kwa mkono, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, akaibandika kwenye kioo cha dirisha lake. Kila msimu aliiandika upya. Ilisema njoo kati ya Desemba na Machi kama wataka bahari tulivu. Kunywa maji yaliyochemshwa. Lala ndani ya chandarua, umeze na dawa ya malaria uliyopewa kwenu, usimsikilize anayekwambia kisiwani hakuna mbu. Funika mabega na magoti mjini. Usimpige mtu picha kabla ya kumuuliza. Mwezi wa Ramadhani usile njiani. Na mstari wa mwisho, uliokolezwa wino: kusi likivuma, usipande boti iliyojaa, hata nahodha akiapa.

Ieleweke kwamba hakuwapenda wageni, na hakulificha hilo. Aliwaona ni watu wanaovua nguo kwenye nchi ya wenyewe kisha wakashangaa kutazamwa. Mmoja alipomuuliza kama baharini kuna mamba, alimjibu, "Hakuna. Kuna jua. Vaa kofia." Akafunga dirisha. Alipoulizwa kwa nini basi anajisumbua kuwaandikia, alisema, "Maiti ya mgeni ni kazi yetu sisi."

Tarehe 9 Septemba 1988 aliolewa na Bwana Jeilani Swafwan, fundi wa mashini za boti. Hawakujaaliwa watoto. Bwana Jeilani alikuwa mtu mpole ambaye hakuweza kumwambia mtu hapana, na kila adhuhuri alimletea mkewe chakula dirishani. Mara moja alimletea wali pasipo mchuzi, kwa sababu mchuzi alikuwa amempa mgeni aliyemkuta na njaa jetini. Bi. Mwanatumu alimgombeza hadi wali ukapoa. Kisha wakaula mkavu wote wawili, wakicheka.

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Julai 2016, basi lilifika saa saba mchana likiwa na wageni watatu, wanawake wawili na mwanamume mmoja, waliotaka kwenda Ndau. Kusi lilikuwa siku ya tatu likivuma bila kupumzika. Boti pekee iliyokuwa tayari kuondoka ilikuwa ya Husseini, kaka yake. Ilijengwa kwa watu kumi na wawili. Walikuwa wamekwisha kupanda kumi na tisa, na jaketi za kuokolea zilikuwa tano. Wageni nao wakapanda.

Bi. Mwanatumu aliacha dirisha lake na kwenda kusimama kwenye ngazi ya jeti.

"Husseini, shusha watu kumi," alisema.

"Rudi kwenye tiketi zako."

"Shusha watu kumi, au ngoja asubuhi. Hino si bahari ya kuchukua watu hawa wote."

"Waniaibisha mbele ya abiria wangu, Mwanatumu."

Aliwageukia wageni, akawaambia kwa Kiingereza washuke, kwamba boti imezidiwa na bahari ni mbaya. Yule mwanamume alimuuliza kama hiyo ni sheria au ni maoni yake. "Ni bahari," alimjibu. Wakashuka wakinung'unika. Watu wa kwao hawakushuka. Walimtazama tu, kama mtu atazamwavyo akimtukana nduguye hadharani.

Bwana Jeilani alikuwa hapo, amekuja na chakula. Alimwona shemeji yake amesimama na uso umemwiva, akamwonea haya.

"Nitakwenda naye mimi," alimwambia mkewe, "watu waone kuwa hapana neno."

Mkewe alimshika mkono wa kanzu. "Sikusema na wazungu peke yao, Jeilani. Nimesema nawe pia."

"Nimekusikia," alisema, kisha akapanda, akakaa mahali walipotoka wageni.

Boti ilipinduka kwenye maji ya wazi, karibu na Ndau, kabla ya alasiri. Walikufa watu wanne, na Bwana Jeilani akiwa mmoja wao. Alizikwa Ndau siku ya pili. Saa ile boti inazama, wale wageni watatu walikuwa wamekaa kivulini Mokowe wakiiandikia kampuni ya basi kumlalamikia mwanamke wa dirishani aliyewaharibia safari. Barua ilifika. Hawakuandika nyingine.

Bi. Mwanatumu alikaa eda yake yote, miezi minne na siku kumi. Ilipokwisha alikwenda mahakamani na kueleza alichokiona na alichokisema. Husseini alifungwa mwaka mmoja na nusu. Jamaa walikuja nyumba hii hii, baadhi yao wamo humu leo, wakamwambia mume amechukuliwa na maji na sasa yeye amemfunga nduguye kwa ulimi wake.

"Mume wangu hakuchukuliwa na mayi," aliwajibu. "Alichukuliwa na kaka yangu."

Hawakurudi. Miaka sita iliyofuata karatasi yake ilibanduliwa kiooni mara nyingi, ikachanwa, na wakati mmoja ikatemewa tambuu. Kila mara aliandika nyingine. Manahodha walipita dirishani bila salamu, naye hakuwaangalia. Alistaafu tarehe 31 Desemba 2022.

Maradhi ya figo yalimwanza mwaka uliofuata. Sumeiya alipohamia hapa kumuuguza, baba yake, Husseini, alimwambia achague nyumba moja. Akachagua hii. Mwezi Januari mwaka huu Husseini alituma ujumbe kwamba yu tayari kumsamehe dada yake, mradi aseme mbele ya watu kuwa alikosea. Machozi yalimtoka Bi. Mwanatumu. Kisha alisema, "Mwambie nampenda. Mwambie na bahari ilikuwa vile nilivyosema."

Alifariki Jumapili, tarehe 2 Februari 2025, saa mbili asubuhi. Alikuwa ameomba azikwe Ndau, ubavuni mwa mumewe. Asubuhi ile jetini palikuwa na boti saba, na bahari ilikuwa shwari. Nahodha wa kwanza alisema yake ni mbovu, wa pili yake haina mafuta, na wengine hawakutafuta hata sababu. Husseini alikuwa ameshawapigia simu. Marehemu alizikwa hapa Mokowe baada ya swala ya adhuhuri, akibebwa na makuli wa jeti na dereva wa basi.

Ameacha kaka mmoja, Bwana Husseini Kamaludin wa Ndau, ambaye hakuja. Ameacha mdogo wake, Bi. Fairuz wa Lamu mjini, aliyekuja jana. Ameacha Sumeiya.

Ni desturi yetu kuwaombea maiti wetu radhi kwa wale waliokosewa nao. Kwa hasira zake, kwa dirisha alilowafungia watu usoni, na kwa kila neno kali lisilostahili, Bi. Mwanatumu aliagiza muombwe radhi, na tunawaomba mumsamehe. Kwa maneno aliyoyasema kwenye ngazi ya jeti tarehe 16 Julai 2016, aliagiza asiombewe radhi.

Mola ampe utulivu kaburini, peke yake kama mlivyomwacha.